Likizo ya Fundi wa Milango

Jina lake silitaji. Ya wengine nitayataja, maana hao hawana haki ya kufichwa, lakini lake litabaki mdomoni mwangu. Mtaani alikuwa Fundi tu. Ukisema Fundi pale kwetu Mji wa Kale, hata dereva wa tuktuk aliyehamia juzi alijua wamkusudia nani: yule mzee wa karakana ya milango, kwenye kichochoro kinachotokea Ndia Kuu, mwenye vumbi la msaji kwenye nyusi.

Mimi nilikuwa mkabala naye na karai langu la viazi. Shule niliiacha darasa la tano, kwa hivyo nikiruka huku na huko mnisamehe. Mguu wangu wa kushoto haukunjiki. Nilifukuliwa chini ya nyumba yetu ilipoanguka, pamoja na mama yangu na mdogo wangu Zuhura, na kati yetu ni mimi peke yangu niliyetoka na pumzi. Hilo nitalifikia. Kwanza Fundi.

Fundi alikuwa na adabu ya kukera. Hukuweza kumwambia jambo kabla ya salamu kwisha, na salamu zake zilikuwa hazishi. "Sabalkheri. Umeamkaje? Na mguu? Na jiko nalo?" Jiko langu alilisalimu kila asubuhi kama mtu wa nyumbani. Ukimkatiza, alikuwa akitulia, akikutazama, kisha akianza tena tangu sabalkheri. Wateja waliokuja mbio mbio waliishia kukaa barazani na kutaja hali za shangazi zao.

Viazi alikuwa akisema vina pilipili nyingi, kisha akiongeza pilipili. Kikombe chake cha kahawa alikuwa akikiosha mwenyewe kabla ya kunywa na baada ya kunywa, mbele ya Mbwana muuza kahawa, na Mbwana alikuwa akiudhika kila siku kama kwamba ndiyo mara ya kwanza.

"Fundi, vikombe vyangu vina ukoma?"

"Havina, bwana. Mimi ndiye mwenye vumbi. Nakikinga na mimi."

Milango ya chuma alikuwa haiwezi kabisa. Akipita penye mmoja alikuwa akigeuza uso kama mtu aliyemkuta jirani hajavaa. "Huo si mlango," alikuwa akisema, "hicho ni kifuniko cha sufuria." Na mlango wa zamani aliweza kuusimamia mpaka adhana ikamkuta palepale, akipapasa maua yaliyochongwa, akikwambia mkono wa aliyechonga ulikuwa mzito au mwepesi, alikuwa na haraka au hakuwa nayo.

Mtu huyohuyo ndiye aliyekuwa akiing'oa.

Hapo ndipo watu wengi hawakumwelewa Fundi, na mimi sidai nilimwelewa. Mustafa Lali, mwenye duka la vitu vya kale Ndia Kuu, alikuwa akitafuta nyumba zilizochoka, akizungumza na wenye nyumba, kisha akimtuma Fundi. Fundi alikuwa akienda na patasi na nyundo yake. Akifika alivua viatu. Alikuwa akibisha mlango ule atakaoung'oa, akisema hodi, na angengoja hata kama nyumba haikai mtu. Kisha akiung'oa. Jioni ungemwona ameinamisha kichwa kwenye kahawa, na kesho yake angelaumu watu wanaouza milango yao. Mbwana alimwuliza mara moja, "Sasa anayeing'oa ni jini?" Fundi akaosha kikombe chake.

Mlango wetu ulikuwa wa bibi yetu na wa waliomtangulia, ingawa nyumba ilikuwa imeshahamia mikononi mwa Hafidh Mbaruk, sisi tukawa wapangaji katika vyumba tulivyozaliwa. Upande wa kulia, chini kwenye mwimo, ile nguzo ya ubavuni, ulikuwa na doa jeusi la kuungua. Mama alikuwa akiweka chetezo pale kila Alhamisi jioni kufukiza udi, na kaa moja liliwahi kuanguka zamani likauma ubao. Hakukihamisha chetezo. Alisema mlango umeshazoea.

Hafidh aliuuza mlango kwa Mustafa. Fundi akaja, akavua viatu, akasema hodi, na mama yangu, ambaye hakuwa na la kufanya, akamjibu karibu. Nilikuwepo. Nilimwona Fundi akitazama juu, kwenye gogo la kizingiti linalobeba ukuta wa ghorofa, na nilimsikia akimwambia Hafidh jambo kwa sauti ya chini. Hafidh akatikisa mkono kama anayefukuza nzi. Mlango ukatoka, na miimo, na kizingiti chake. Pakabaki boriti mbili zimesimamishwa kwa muda, na ahadi kwamba mwashi yuwaja. Hakuja. Masika yakaja.

Kwenye matanga, mbele ya wanaume, Hafidh Mbaruk alisema kwamba nyumba iliangushwa na maji. Mama alikuwa akifua kanzu za watu juu darini, ndiyo kazi iliyotulisha, na Hafidh akasema chokaa imekunywa maji ya kufulia miaka na miaka mpaka ikaoza. Mustafa Lali akaitikia. Wakamwuliza Fundi, na Fundi akasema, "Mimi niliuacha ukuta umesimama." Hilo lilikuwa kweli, na ndilo lililotuua mara ya pili. Mimi nilikuwa hospitali, mguu umefungwa, nikahadithiwa. Nilipotoka na kusema niliyoyaona, niliambiwa mwanamke aliyefiwa asikilizwe kwa huruma. Huruma walinipa. Kusikilizwa, hapana.

Tangu hapo kiwanja kile kikaitwa Kwa Mama Maji. Watoto walikiita hivyo bila ubaya, na watu wazima wakaiga. "Shika ndia hii, ukifika Kwa Mama Maji kata kushoto." Mbwana naye alisema hivyo, mbele yangu, akimwelekeza mtu. Mama yangu aliuawa na ubahili wa Hafidh na tamaa ya Mustafa, akazikwa, kisha akapewa lawama ya kumwua mtoto wake mwenyewe. Nilichokitaka si kingine. Nilitaka jina hilo liondoke.

Mtaniuliza kwa nini basi nilikaa mkabala na Fundi miaka yote hiyo nikimuuzia viazi. Baraza ile ndiyo niliyokuwa nayo. Halafu sikutaka anisahau. Kila asubuhi alipouliza "na mguu?" nilimjibu kwa ukamilifu.

Sasa likizo.

Kulikuwa na mama mmoja wa Kitaliani, mtaa mzima ukimwita Sinyora, mteja wa Mustafa tangu zamani. Alikuwa akija, anakaa karakana ya Fundi asubuhi nzima akimtazama anavyochonga, na Fundi alikuwa na Kitaliani cha dukani kinachotosha kuulizana hali za shangazi. Mwaka mmoja Sinyora akasema, Fundi umezeeka hujapumzika, njoo kwangu ukae mwezi, nina nyumba pwani. Pwani ya kwao, Bahari ya Mediterania. Mtaa ulicheka. Mtu wa pwani kwenda kupumzika pwani. Fundi akaenda Biashara Street akachagua leso ya zawadi kwa muda mrefu kama anayechagua mchumba, akapanda ndege.

Aliporudi alikuwa na neno moja jipya: likizo. "Nilipokuwa likizoni" kikawa kitangulizi cha kila sentensi, na Mbwana alikuwa akimchokoza kusudi.

"Huko likizoni, Fundi, ulikuwa ukifanya kazi gani?"

"Hakuna kazi. Ndiyo maana yake."

"Watu wazima?"

"Watu wazima, bwana. Wanalala juani kama samaki wa ng'onda. Wanajigeuza wenyewe."

"Na wewe ukalala?"

"Mimi nilikaa kivulini na kofia yangu. Sinyora aliitandika leso mchangani akailalia. Nilitazama upande wa pili."

Kilichomshangaza zaidi ni bahari. Siku ya kwanza alishuka ufuoni asubuhi, akaona maji yako karibu, akasema ngoja yapwe nitembee nione miamba na kombe zao. Akangoja. Jua likapanda, jua likateremka, maji palepale. Akafikiri amekosea hesabu ya mwezi. Kesho yake akangoja tena, mpaka Sinyora alipokuja kumwuliza kama anaumwa.

"Bahari yao haipwi wala haijai," alisema, na mtu mzima yule alikuwa bado ana hofu usoni. "Imekaa tu. Kitu ukikiacha ufuoni utakikuta hapohapo. Hakuna kinachochukuliwa, hakuna kinachorudishwa."

Alieleza misonobari iliyofunguka juu kama miavuli, mstari mrefu, na chini yake majani makavu ambayo ukiyakanyaga yananukia kama umefungua duka la viungo. Nyuma ya mchanga kuna ziwa la maji ya chumvi, na ndege heroe wamesimama humo kwa mguu mmoja, wekundu, wengi. Kuna ng'ombe weupe wenye pembe kama mikono ya mtu anayeomba dua. Na nguruwe mwitu walikuwa wakija mpaka bustanini machweo na watoto wao.

"Sinyora akawafukuza kwa ufagio kama kuku," alisema. "Mimi nikapanda juu ya kiti."

"Ukasoma dua gani?" Mbwana akauliza.

"Nilisoma yote ninayoyajua, na mengine nikakisia."

Tulicheka siku ile, mimi pia. Nilimchukia yule mzee na nilimpenda, na sikuwahi kuweza kuvitenga. Aliniletea kigae cha rangi kutoka kwenye soko la kijiji chao, cha kuwekea sufuria. Akaniletea pia mbegu za misonobari, akasema hizo huliwa. Nilikula. Zina ladha ya korosho iliyokosa jua.

Lakini niligundua jambo. Kila alipofika kwenye habari ya makaburi ya kule, hadithi ilikuwa ikipungua mwendo kama tuktuk inayoishiwa mafuta. Kilomita chache kutoka ufuoni, alisema, kuna vilima, na ndani ya vilima kuna makaburi ya watu wa kale waliokaa pale kabla ya Warumi. Waetruska. Yeye alisema Waturuska. Walichimba mwamba wakawatengenezea wafu wao nyumba kamili, vyumba, vitanda vya jiwe, mito ya jiwe ya kulazia kichwa. Ukutani wamewachorea karamu, watu wanapiga zumari, ndege wanaruka, samaki wanaruka, rangi bado mbichi kama ya jana.

"Na ukuta wa mwisho," alisema, "kuna mlango."

"Wa kwenda wapi?" nilimwuliza.

"Hauendi. Umechorwa. Una miimo, una kizingiti, una misumari yenye vichwa kama yetu. Rangi nyekundu juu ya jiwe. Ukiusukuma, wasukuma mwamba."

Hapo Mbwana angeanza kuzungumzia mpira.

Siku moja baada ya alasiri alivuka kichochoro akiwa amebeba kigoda chake. Hakusalimu. Hapo nikajua kuna jambo. Akakaa karibu na jiko na kusema, "Nimeuona mlango wenu."

Nilikuwa nimeshika kijiko cha kuopolea viazi. Nikaendelea kuopoa.

Aliniambia yote polepole. Sinyora alimpeleka makaburini, na njiani kurudi alikuwa akilaani wezi. Makaburi mengi yameporwa, alimwambia, watu wasio na haya wanaingia, wanachukua vyombo vya wafu, wanabandua hata picha ukutani, wanawauzia matajiri wa nchi za mbali waweke sebuleni. Alikuwa na machozi kabisa. Fundi akaitikia, akasema hao ni watu wabaya. Wakafika nyumbani, na Sinyora akasema leo tunywe chai upande wa nyuma, ukumbi unaotazama bahari, hujauona, ulikuwa ukitengenezwa. Ukutani palikuwa na mlango wetu.

"Umesimamishwa vizuri," alisema. "Umepakwa mafuta. Nikasema labda ni ndugu yake. Nikainama kulia, chini. Doa lipo."

"Ukafanya nini?"

"Nikavua viatu. Nikausukuma. Nyuma yake kuna ukuta, mwanangu. Saruji tupu. Wameupigilia kama picha. Hauendi popote."

Mafuta yalikuwa yakilia kwenye karai.

"Ukamwambia?"

"Sikumwambia."

"Hukumwambia kwamba mlango ule una watu wawili?"

"Nilikuwa mgeni wake. Nilikula chakula chake siku zote zilizobaki. Asubuhi nilikuwa nikienda kuunusa, chini pale kwenye doa, kabla hajaamka. Bado unanukia udi, kidogo. Kisha nakwenda kula."

"Ukala?"

"Nilikula."

Nilimwambia aondoke na kigoda chake. Akaondoka. Kwa majuma kadhaa hakuuliza mguu wangu, na mimi sikumpelekea viazi. Ikanijia kwamba safari ile yote, bahari na ndege wekundu na misonobari, amekwenda kupewa mapumziko na mtu anayejipumzisha mbele ya mlango wetu, na hata kule alikokwenda mbali kiasi kile, mama yangu hakupata mtu wa kumtetea.

Fundi ameshafariki sasa. Mikono ilianza kumtetemeka mwaka uliofuata, na patasi haina urafiki na mkono unaotetemeka. Karakana ikafungwa. Mustafa Lali hakuja hata kumjulia hali. Duka lake lingali wazi Ndia Kuu, yuko pale, mtamwona, kofia ya kudarizi na miwani ya dhahabu. Hafidh Mbaruk naye yuko. Mbele ya kiwanja chetu, hatua chache kutoka karakana, alijenga ukuta wa matofali ya saruji usio na mlango upande wetu, na nyuma yake anaweka bidhaa.

Ilikuwa Alhamisi moja, Fundi angali hai. Nilimwona Fundi akija na fimbo, na mkebe wa rangi nyekundu, na brashi imechomekwa mfukoni mwa kanzu. Ilikuwa baada ya alasiri na watu walikuwa barazani. Akasimama mbele ya ukuta wa Hafidh. Akavua viatu, akavipanga. Akabisha kwenye matofali kwa kifundo cha kidole, akasema, "Hodi."

Mbwana akaacha kumimina kahawa.

"Hodi," akasema tena. Akangoja kama alivyozoea kungoja. Kisha akachovya brashi.

Mistari ilikwenda ikitetemeka, lakini vipimo havikutetemeka. Ulianza mwimo mmoja, ukaja wa pili, kikaja kizingiti juu, na hapo akanyoosha mkono mpaka nikadhani ataanguka. Watu walikuwa wakisogea. Kila aliyemwuliza, "Wafanyani, Fundi?" alimjibu maneno yaleyale bila kugeuka: "Hapa palikuwa na mlango. Niliung'oa mimi." Dereva wa tuktuk aliuliza, akajibiwa. Akina mama waliotoka sokoni waliuliza, wakajibiwa. Ndipo akaja Hafidh Mbaruk, kwa miguu, kanzu nyeupe, simu mkononi.

"Fundi. Wanifanyia nini kwenye ukuta wangu?"

Fundi akageuka. Kwa mara ya kwanza nilimwona anazungumza na mtu bila salamu.

"Narudisha nilichochukua. Nilikwambia, Hafidh, kizingiti kisiguswe mpaka gogo jingine liwekwe. Ukanambia mteja wa Mustafa autaka mzima. Nikautoa mzima, kwa mikono hii, na nilijua. Ukasema mwashi kesho. Kwenye matanga nikasema niliuacha ukuta umesimama. Ulikuwa umesimama kwa boriti mbili. Maji ya yule mama hayakuangusha kitu. Yalikuwa yakikauka kabla ya adhuhuri, nilikuwa nikiyatazama toka karakana."

Hafidh akacheka kwa upande mmoja wa mdomo, akawatazama watu wacheke naye. "Umezeeka. Ile likizo imekuharibu akili."

"Huenda," Fundi akasema. "Lakini nimeyasema ningali na akili ya kuyasema."

Hakuna aliyecheka. Mbwana alikuja na kikombe, na kabla ya kumpa Fundi akakiosha mwenyewe, mbele ya kila mtu. Hafidh akapiga simu yake akiwa anaondoka, na sidhani kulikuwa na mtu upande wa pili.

Mlango ule Hafidh ameshaupaka chokaa mara nyingi. Mvua ikinyesha, wekundu wachungulia. Na siku hizi ukimwuliza Mbwana ndia, hukwambia, "Nenda mpaka pale mlangoni, kisha kata kushoto."

Lakini siku ile rangi ilikuwa bado mbichi. Fundi alimaliza misumari, vitone vitone, akarudi nyuma akautazama. Watu walikuwa wameanza kutawanyika. Akanijia, miguu mitupu, vidole vyekundu.

"Mwanangu," akasema, "lile doa la chetezo lilikuwa upande gani?"

Alikuwa akijua. Alilinusa kila asubuhi katika likizo yake.

Nikatia koleo jikoni, nikatoa kaa lililoiva, nikavuka nalo kichochoro nikikokota mguu. Nikainama kadiri nilivyoweza, kulia, chini ya mwimo, nikalibandika hapo mpaka rangi ikatoa moshi ikawa nyeusi. Nyuma yangu Fundi alibisha tena, mara moja, polepole, akasema hodi.

Neno karibu sikulisema. Lakini sikuondoka pale mlangoni mpaka kaa lilipozimika.